Bambo langu kwenye ukumbi wa maprofesa

Mlinzi alilitoa bambo langu kwenye mkoba akaliinua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. "Mama, hili nalo la nini?" Nyuma yangu watu wenye tai walikuwa wameanza kukohoa kile kikohozi cha kuharakisha foleni. Nikamwambia ni bambo. Akasema bambo analijua, baba yake alinunua mahindi Ismani miaka mingi, ila hajawahi kuona bambo likihudhuria kongamano.

Sikuwa na jibu. Mimi pia nilikuwa sijawahi.

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye magunia: bambo ni kipande cha bomba la chuma kilichochongwa ncha, kina mfereji. Ukilichoma kwenye gunia, punje zinateremka zenyewe mpaka kiganjani, unaona kilichomo bila kufungua mshono. Kila dalali wa Nyanda za Juu Kusini analo, wengine wanalichomeka kiunoni kama sime. Mimi ninalo kwa sababu kazi yangu ni maabara, hapa Mbeya. Nafundisha wanafunzi wa diploma kupima nafaka: unyevu, wadudu, na zaidi ya vyote sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye mahindi na karanga ambayo huioni, huinusi wala huionji. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kabla ya hapo shangazi zangu Tukuyu walikuwa wakijua tu kwamba "anafanya kazi ya mahindi", wakadhani nina mashine ya kusaga.

Kongamano lilikuwa Iringa, na kichwa chake kilijaa mstari mzima wa bango: mtangamano wa kikanda, tunu za pamoja na changamoto za kisera, mazungumzo ya wanataaluma wa fani mbalimbali. Aliyealikwa ni mkuu wa idara yetu. Akapata safari nyingine, nzuri zaidi nadhani maana hakuitaja, akaniita Jumatatu jioni. "Dada, Jumatano utakwenda wewe. Watakuwepo wachumi, wanasheria, wanahistoria, watu wa lugha. Wewe utawakilisha sayansi. Nenda na kitu cha kuonyesha."

Sayansi nzima, na mimi. Nikachukua bambo.

Nilipanda basi Jumanne alfajiri stendi ya Nane Nane. Kutoka Uyole mpaka Makambako ukikaa dirishani upande wa dereva unausoma huo mtangamano bila kulipia kiingilio: malori ya Zambia na Kongo yanateremka na shaba kwenda bandarini Dar es Salaam, mengine yanapanda na mafuta, salfa na mbolea kwenda Tunduma. Nilianza kuyahesabu pale Inyala. Nilifika hamsini na kitu nikasinzia karibu na Chimala. Reli ya TAZARA inaibukia Makambako ikitokea Mlimba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 wakati Zambia inahitaji njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilitangulia, 1968. Nchi mbili maskini ziliweka chuma ardhini kwanza, tunu zikafuata. Hilo niliwaza baada ya Mafinga, nilipoamka kwa baridi.

Ukumbi ulikuwa Gangilonga. Kwa Kihehe jina hilo ni jiwe linaloongea, kwa hiyo mahali palifaa.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa mchumi, kijana mwenye sauti nzuri na vielelezo vingi kuliko muda. Alianza na kile ambacho watu wa huku hatukihitaji kukumbushwa: Aprili 2025. Malawi ilikuwa imezuia bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwemo ndizi, mchele, unga na tangawizi. Afrika Kusini nayo haikuwa inapokea ndizi zetu. Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya nchi zote mbili, na baada ya siku chache ikaondoa zuio ili mazungumzo yaendelee. Mchumi akaziita hizo zote kwa jina moja, vikwazo visivyo vya kiforodha, akachora mshale mwekundu kuelekea chini. Nchi zote tatu ni wanachama wa SADC, akasema, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika iliyoasisiwa Windhoek 1992, zenye itifaki ya biashara iliyosainiwa. Tunu za pamoja ziko wapi?

Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi niliguna pia, halafu nikajishika.

Wifi yangu anauza ndizi Kiwira. Siku zile alinipigia simu akiwa amekasirika mpaka anachanganya Kinyakyusa na Kiswahili. Mzigo wake ulikuwa umefika Kasumulu, mpakani na Malawi, ukakwama, na ndizi haisubiri Waziri wala Rais, inaiva. "Wifi, wewe unakaa na hao wataalamu. Waambie Wamalawi wanatuonea." Nami nilimwitikia, kwa sababu ndizi zake zilikuwa zinaoza na wifi ni wifi. Lakini mtu wa mimea aliyemo ndani yangu alikuwa anajua jambo jingine ambalo sikulisema kwenye simu. Malawi iliwahi kuwa na migomba yake mizuri. Virusi vinavyosambazwa na vidukari, vinavyofanya majani yabanane juu kama ufagio na mgomba usizae, viliiteketeza sehemu kubwa. Nchi iliyopoteza migomba hivyo ikiona lori la ndizi inaona lori, na inaona pia chipukizi lililojificha katikati ya mikungu. Sisemi kwamba zuio la 2025 lilikuwa la virusi. Lilikuwa na mambo ya fedha za kigeni na wakulima wa ndani pia. Nasema neno "zuio" lina watu wawili ndani yake, mmoja anaogopa ugonjwa na mwingine anaogopa ushindani, na wote wawili wanatumia karatasi ileile yenye muhuri uleule. Mchumi yule hakuwatenganisha. Mshale wake ulikuwa mmoja.

Mwanasheria aliyefuata aliwatenganisha, nampa heshima yake. Alieleza kwamba chini ya makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani ya 1995 nchi ina haki ya kukinga afya ya watu, wanyama na mimea, ilimradi ionyeshe ushahidi wa kisayansi. Kisha akasoma Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999. Ibara ya 6 inataja misingi mikuu, na wa kwanza kabisa, kabla ya amani na kabla ya utawala bora, ni kuaminiana, utashi wa kisiasa na usawa wa mamlaka ya nchi. Kuaminiana! Niliandika kwenye daftari nikapigia mstari mara mbili. Nilitegemea aendelee hapo. Akageukia mamlaka ya Mahakama ya Jumuiya, akakaa huko dakika arobaini.

Yote haya kwa Kiingereza, nisisahau. Ukumbini tulikuwa watu thelathini na kidogo na nadhani wasiojua Kiswahili walikuwa wawili. Mtaalamu wa lugha alilisema waziwazi zamu yake ilipofika: SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne pale Dar es Salaam Agosti 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi 2022, na sisi tuko Iringa tunaulizana maswali kwa lugha ya watu ambao hawapo. Alisema hayo kwa Kiingereza kizuri sana. Mwenzetu wa kutoka Lubumbashi, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akaanza kucheka, na wakati wa chai ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote, Kiswahili chake cha "bintu" na "batu" kikikimbia kama maji.

Na chai ndiyo ilikuwa kongamano lenyewe, kama kawaida. Pale kwenye vitumbua nilisimama na mzee mmoja kutoka Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, mwalimu wa jiografia. Nilimjaribu na "ugonile". Akaijibu kwa Kingonde chake, tukaendelea hivyo, yeye huku mimi kule, maneno machache tu yakiruka pembeni. Mipaka ya kule kwetu waliichora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na kwa ajili yao mto Songwe ulikuwa mstari mzuri. Mto wenyewe haukuambiwa. Unahama. Masika ikiwa kali unakata kona mpya, na mtu aliyelala mkulima wa nchi moja anaamka shamba lake liko upande wa pili. Mzee alisema nchi zetu mbili zimeunda tume ya pamoja ya bonde la mto huo, na yeye hulitumia somo hilo darasani: mkiwa na kitu kinachohama, hamna budi kukutana mara kwa mara. Halafu tukabishana kuhusu mchele. Alidai mchele bora ni wao wa Karonga. Nikamuuliza unaitwaje. Akasita, akatabasamu. Unaitwa Kilombero.

Mwanahistoria alikuwa wa mwisho kabla ya mimi, na ndiye aliyenibomolea hotuba niliyokuwa nimeiandaa kwenye basi. Alizungumzia jumuiya ya kwanza, ile ya 1967 iliyovunjika 1977. Tunaposimuliana kifo chake huwa tunataja ndege, reli na posta, nani alibaki na nini. Yeye akasema kuna kitu kingine tuligawana bila kukililia. Palikuwa na shirika moja la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, maabara zake ziko Muguga, karibu na Nairobi. Lilianza 1948 enzi za mkoloni, likarithiwa, na likahudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Sampuli ya udongo wa kwetu ingeweza kupimwa kule, na jibu likawa jibu kwa wote. Baada ya 1977 Muguga ikabaki Kenya, na kila nchi ikajenga yake.

Nilikaa nimetazama bambo lililokuwa mapajani. Miaka yote nafanya kazi hii sikuwahi kuiweka hivyo: kwamba tuliwahi kuwa na maabara moja, tukaivunja, na leo tunajaza makabati kwa mikataba ya kuambiana kwamba ya kwako ni nzuri kama ya kwangu.

Zamu yangu ikafika saa tisa na nusu alasiri, ile saa ambayo wali wa mchana unaanza kudai haki yake. Sikuwa na vielelezo. Nilikuwa na gunia. Asubuhi mapema, kabla ya kufika ukumbini, nilipitia Soko Kuu nikanunua madebe matatu ya mahindi meupe na maharage mekundu ya kujaza viganja viwili, bodaboda akanibebea huku akiniuliza kama nimefungua mgahawa. Usinicheke: maharage yale yalikuwa sumu. Niliyaweka yote mahali pamoja, chini kidogo ya katikati, upande mmoja. Sikuyachanganya, kwa sababu ndivyo ukungu unavyokaa. Hauenei kama chumvi kwenye mchuzi. Unashika kona iliyonyeshewa, gunzi moja lililotobolewa na funza, mahindi yaliyolazwa chini bila turubai. Punje moja inaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo nzima na jirani yake ikawa safi kabisa.

Niliwaambia kiwango kwanza. Afrika Mashariki inaruhusu sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Wachumi wamezoea bilioni, lakini za shilingi. Nikawaambia: chukua lori la tani 30 la mahindi. Sumu inayoruhusiwa humo ndani yote, ukiikusanya, ina uzito wa punje moja. Punje moja ndani ya lori zima. Hapo usingizi ukapungua kidogo.

Kisha nikaomba watu saba waje kuchoma, mmoja kila fani na wawili wa ziada. Kila mtu achome mara moja, popote, atoe alichopata mbele ya wenzake. Mchumi: mahindi meupe. Mwanasheria: meupe. Mwanahistoria: meupe. Mtu wa lugha alichoma kwa nguvu mpaka gunia likainama, meupe. Rafiki yetu wa Lubumbashi: meupe. Mzee wa Karonga: meupe. Wa saba alikuwa padri anayefundisha maadili, mtu mpole, alichoma upande wake bila hata kuangalia. Yakamwagika maharage tisa.

Watu wakapiga makofi, sijui kwa nini. Nikauliza: lori hili lipite au lirudi?

Msomaji wangu, nimehudhuria vikao vingi na sijawahi kuona maprofesa wakigombana vizuri vile. Mchumi alisema tuchukue wastani. Mwanasheria akamuuliza wastani wa nini, kwani aliyekufa kwa kula alikula wastani? Kisha akataka kujua nani alichagua mahali pa kuchoma, kwa mamlaka gani, na kama mwenye mzigo alikuwepo. Mtu wa lugha akauliza kwa nini tunasema "limekutwa na sumu" na hatusemi "limechomwa na padri". Mwanahistoria alikuwa anacheka tu. Mzee wa Karonga akasema, kwa upole, kwa Kiswahili: "Kwetu lingerudi." Wa Lubumbashi akasema kwao lingepita, ila lingelipia. Padri alikuwa bado ameshika yale maharage tisa, hajui ayaweke wapi.

Hapo ndipo niliposimulia kisa cha kaka mmoja mfanyabiashara wa Mbozi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha mzigo uko chini ya kile kiwango cha 10. Kaka huyu baadaye alipeleka mzigo wenye cheti. Upande wa pili wakapima upya, ikaja namba nyingine, kubwa. Lori likakaa, dereva akala posho yote, mvua ikanyesha kwenye turubai lililotoboka, na mzigo ambao pengine ulikuwa salama ukaanza kuwa si salama palepale foleni. Alirudi Mbeya akaja mpaka maabara. Hakupiga kelele. Aliweka karatasi mbili mezani kwangu, moja ya huku na moja ya kule, akauliza: "Dada, kati yenu mwongo ni nani?"

Nilimwambia hakuna mwongo. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

Na kweli hakuna mwongo. Waliopima huku walichoma mahali pao, waliopima kule walichoma pao. Mashine zote mbili zilisema kweli kuhusu kiganja cha unga zilichopewa. Ukiwauliza wapimaji wa dunia nzima watakwambia kosa kubwa katika kupima sumukuvu halitokei kwenye mashine ya mamilioni. Linatokea kwenye gunia, mkononi, pale unapoamua uchome wapi na mara ngapi. Lakini yule kaka hakuwa na namna ya kusikia hilo. Alichokisikia ni kwamba nchi yake imemwambia mahindi yako mazuri na jirani amemwambia mahindi yako sumu, na akaamua, kama binadamu yeyote angeamua, kwamba jirani anamchukia. Nikajiuliza ni chuki ngapi za mipakani zimezaliwa hivyo, na bambo.

Ndiyo maana nikawaambia mle ukumbini kwamba ninapoona "tunu za pamoja" kwenye bango sioni utu, ukarimu wala undugu, ingawa sina ugomvi navyo. Undugu tunao tele. Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu, na ndizi za wifi zilioza hivyohivyo. Namuona mtu wa Namanga na mtu wa Kasumulu na mtu wa Tunduma wamesimama mbele ya lori, wote wana bambo la urefu uleule, wanachoma idadi ileile ya magunia, juu, katikati na chini, wanachanganya, wanagawa mafungu matatu, moja la kwako, moja la kwangu, moja linafungwa lakiri lisubiri tukigombana. Kanuni za namna hiyo zimeandikwa. Ziko kwenye viwango vya Jumuiya. Shida ni kuamini kwamba mwenzako alizifuata wakati hukuwepo. Ibara ya 6 ilipotaja kuaminiana, mimi nadhani hicho ndicho ilichokuwa inakidai, hata kama walioiandika walikuwa na mambo makubwa zaidi vichwani.

Mchumi alinijibu kwa haki. Alisema hata mkichoma sawasawa, Waziri mwenye wakulima wenye hasira atatafuta sababu nyingine. Alikumbusha kwamba sisi wenyewe 2017 tulizuia mahindi yasitoke nje, na wala haikuwa kwa sumukuvu; wakulima wa Songwe na Rukwa wakabaki na maghala yaliyojaa na bei chini. Ni kweli kabisa. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba ukiondoa sababu ya uongo, angalau Waziri atalazimika kutaja ya kweli. Yeye akaandika hilo. Nami niliandika lake.

Halafu kukawa na maazimio. Kama hujawahi kukaa kwenye kamati ya maazimio, mshukuru Mungu. Nilipendekeza sentensi moja: nchi zifanye majaribio ya pamoja ya kuchukua sampuli mipakani, maabara za pande zote zipime fungu moja, matokeo yatangazwe. Ilijadiliwa saa nzima. Mtu mmoja alisema "fungu" si neno la kitaalamu. Mwingine akahofia "yatangazwe". Ilipotoka kwenye printa ilikuwa imekuwa "kuimarisha uwezo wa maabara katika kanda kwa kuzingatia tunu za pamoja". Padri ndiye aliyeniletea nakala. Akasema, "Pole, mama." Mfukoni mwa shati lake bado kulikuwa na harage moja.

Jioni nilimgawia mlinzi yale mahindi, baada ya kuyapepeta na kutoa maharage yote. Alikagua punje, akazitafuna mbili, akasema ni makavu, unyevu kumi na tatu hivi. Nilipima niliporudi na kiasi kidogo nilichobakiza: 12.9. Baba yake alimfundisha vizuri.

Wiki mbili zimepita. Juzi usiku mzee wa Karonga amenitumia picha kwa WhatsApp. Amekwenda sokoni kwao, amenunua bambo, amelilaza kwenye meza ya darasani kando ya rula, na chini ameandika kwa Kiswahili: "Dada, pima na lako." Nimepima. Lake limezidi langu vidole vinne.